Sebule, Lango na Kijiwe: Mahali pa Kubuni katika Vichekesho vya Televisheni, kwa Macho ya Mtazamaji wa Mugeta

Wahakiki wa michezo ya kuchekesha wamezoea kupima mambo mawili, mchezaji na mzaha. Humtazama mchezaji atembeavyo na atamkavyo, kisha huuliza kama mzaha wake una maana au hauna. Jambo la tatu, yaani mahali unapochezwa mchezo, hupitwa kama apitwavyo bawabu na wageni wenye haraka. Nia ya makala haya ni kulisimamisha jambo hilo la tatu na kulihoji. Nyumba, lango, mahakama, jiko na kijiwe tuvionavyo katika vichekesho vya televisheni vya Afrika Mashariki si mapambo yaliyotundikwa nyuma ya mchezaji. Ndivyo viamuavyo nani aseme, aseme Kiswahili gani, na nani achekwe. Na kwa kuwa mwandishi anaitazama michezo hii kutoka Mugeta, kata ya Wilaya ya Bunda katika Mkoa wa Mara, ambako Kiswahili kwa watu wengi ni lugha ya pili baada ya Kiikizu au mojawapo ya jamaa zake, swali la nani achekwe si swali la vitabuni tu.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe, maana lugha yetu haina umaskini wa majina ya mahali pa kukaa. Sebule katika nyumba ya pwani ya zamani ilikuwa mahali pa kupokelea wageni, karibu na mlango, ili mgeni asipenye ndani wanakokaa wenyeji. Ilikuwa, tuseme, mpaka. Televisheni imeugeuza mpaka huo kuwa kitovu. Katika mchezo wa leo mume, mke, mtoto, mtumishi, mkwe na mdai wote hukutana sebuleni, na chumba kilichojengwa ili kuficha siri za nyumba sasa ndicho chumba zinakoanikwa. Baraza nalo lina mambo yake. Ni kiti cha mawe au cha udongo kilichoambatana na ukuta wa nje, na papo hapo ni mkutano wa wakubwa, hata tukapata baraza la mawaziri. Neno lenyewe lakiri kwamba watu wakiketi pamoja mahali pa wazi, maneno yao hupata uzito. Uani ni kinyume chake: huko ndiko wanawake wasemako bila kusikilizwa, au ndivyo wanaume wadhaniavyo.

Neno kijiwe ni la asili nyingine. Ni jiwe dogo, na hakuna zaidi ya hapo katika umbo lake, lakini katika matumizi ya mijini limekuwa mahali wanapokutana watu, hasa vijana wasio na kazi ya kudumu, wakanywa kahawa, wakabishana juu ya mpira na siasa, wakangojea siku ipite. Baraza lina mwenyewe, kwa sababu limeshikamana na nyumba ya mtu. Kijiwe hakina mwenyewe. Tofauti hiyo ndogo ina kazi kubwa katika vichekesho, maana mtu aweza kufukuzwa barazani lakini hawezi kufukuzwa kijiweni. Unguja wana maskani, neno la Kiarabu lenye maana ya makazi, ambalo huko limechukua pia maana ya kundi la watu wa itikadi moja, kama ile Maskani ya Kisonge ya Michenzani ijulikanayo sana katika siasa za visiwa. Hoteli katika Kiswahili cha watu wa kawaida ni mahali pa kula chai na maandazi, si lazima iwe na kitanda hata kimoja. Na kilabu, neno lililotoka kwa Waingereza likiwa na viti vya ngozi na magazeti, bara limetulia chini ya mti likiwa na vigogo vya kukalia na pombe ya kienyeji ndani ya ndoo.

Nimeyataja maneno haya kwa kirefu kidogo kwa sababu mtu atakayeyaorodhesha, kisha akayatafuta katika vichekesho vya televisheni, ataona kwamba baadhi yametumiwa hata yamechakaa, na mengine hayajaguswa. Sebule imechakaa. Kilabu cha kijijini hakijaguswa vya kutosha. Neno moja, nitakalolirudia mbele, laelekea kama halikupata kuingia kabisa.

Historia yaeleza sehemu ya jambo hili. Filamu za mwanzo za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilijengwa juu ya safari kati ya mahali pawili, shamba na mji. Katika Muhogo Mchungu, iliyotengenezwa mwaka 1952, mchezaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi, na mchezo wenyewe ni wa mtu wa shamba aliyeingia mjini akakutana na werevu wa mjini. Tangu siku hizo mshamba amekuwa mgeni katika nyumba za watu wengine. Hana nyumba yake mwenyewe mbele ya kamera, na akionyeshwa kwao, huonyeshwa akifunga mzigo ili aondoke.

Televisheni ilipokuja, nchi zetu hazikuipokea kwa wakati mmoja. Kenya iliipata mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijaonja hata picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, ilipoanza ITV. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ambayo si mbali na Mugeta, haikuona televisheni kuwa kitu cha kutangulizwa, kwa hoja kwamba ingewafikia wenye nacho wa mijini na kuwaacha wengine. Mtu aweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa. Linalotuhusu hapa ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini wachekeshaji wa Kenya walikuwa na studio yenye kuta, na wale wa Bara walikuwa na redio na jukwaa tu.

Tofauti hiyo haikuwa ya vyombo peke yake. Mchezo wa redio haujengi nyumba kwa mbao. Huijenga kwa sauti ya hodi, kwa mlango unaolia, kwa mtu anayesema, "Ingia ndani, usikae kwenye jua." Wale walaghai wawili wa Radio Tanzania, Pwagu na Pwaguzi, waliotoa majina yao katika methali ya pwagu kukutana na pwaguzi, waliweza kuwa popote walipotaka kwa gharama ya sentensi moja. Msikilizaji wa Mugeta aliijenga nyumba hiyo kichwani mwake kwa miti na nyasi alizozijua yeye, na msikilizaji wa Tanga akaijenga kwa makuti. Kila mtu alikuwa nyumbani. Kamera ilipofika, nyumba hizo nyingi zilikufa siku moja, ikabaki moja, nayo ilikuwa ya Dar es Salaam.

Ni vema tueleze pia kwa nini nyumba ya kichekesho ina sura iliyo nayo, kwa sababu wengi hudhani ni suala la ladha. Wamarekani waliotengeneza I Love Lucy, iliyoanza mwaka 1951, walipiga picha kwa kamera tatu kwa pamoja mbele ya watazamaji waliokaa upande mmoja. Kwa hiyo chumba kikawa na kuta tatu, kochi likageukia mahali ambapo ukuta wa nne ungekuwa, mlango ukawa ubavuni ili aingiaye aonekane, na ngazi au mlango wa jiko ukawa nyuma ili atokaye aondoke haraka. Sura hiyo ilienea duniani. Baa ya Cheers, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 1982 na 1993, ni chumba hicho hicho kilichotolewa kochi kikatiwa kaunta, na kivutio chake ni kwamba wateja hawana pengine pa kwenda. Hoteli ya Fawlty Towers ya Waingereza, yenye vipindi kumi na viwili tu vya mwaka 1975 na 1979, ilipata uchungu wake kwa kuchagua mahali ambapo mwenyeji analazimika kuwa mkarimu na hana ukarimu. Kati ya hizo mbili mimi naipenda zaidi hoteli. Baa husamehe kila mtu, na mahali pasamehepo kila mtu hupunguza nguvu ya mzaha.

Sasa tuje kwetu. Kama ningeulizwa ni mahali gani pa kubuni palipo bora kuliko pote katika vichekesho vya Kiswahili vya televisheni, ningejibu bila kusita kwamba ni mahakama ya Vioja Mahakamani, mchezo wa Kenya uliodumu tangu enzi za Voice of Kenya hadi siku za KBC. Twaweza kushangaa kuiita mahakama kuwa maskani, lakini ndivyo ilivyo. Sura ni zile zile, watu hurejea juma baada ya juma, hujuana, na aliyeachiwa huru leo atarudi kizimbani kwa kosa jingine. Gharama yake ni ndogo mno: meza ya hakimu, kizimba, benchi na vitabu vichache. Matata yote ya nchi, wizi wa kuku, mapenzi, deni, pombe haramu, ardhi, hayaonekani kwa macho. Yanasimuliwa. Kwa njia hiyo mahakama ilihifadhi ndani ya televisheni uwezo wa redio, kwani mtazamaji huliona shamba la mahindi lililoibiwa kwa masikio yake.

Lakini ubora wake mkubwa ni wa kilugha. Mahakama ni mahali ambapo kila mtu hulazimika kusema, na kusema kwake huandikwa. Juu ameketi hakimu, na Kiswahili chake ni cha vitabuni. Chini kizimbani wamesimama watu kama Ondiek Nyuka Kwota na Otoyo Obambla, na Kiswahili chao kimetoka ziwani. Lugha ya Kijaluo haina sauti ya sh wala z, basi shamba huwa samba na zaidi huwa saidi, na maswali ya mwendesha mashtaka hurudi kwake yakiwa yamebadilika sura. Msomi wa haraka atasema kwamba hapa anachekwa Mjaluo. Nadhani amekosea. Tazama ni nani anayeshindwa katika mabishano. Mara nyingi mshtakiwa huhukumiwa, maana sheria ni sheria, lakini kabla ya hukumu amekwisha kuvuruga maswali ya serikali kiasi cha kumfanya mwendesha mashtaka aonekane ndiye asiyejua lugha. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikisanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja, na kazi hiyo ilikuwa na faida zake nyingi, ambazo jarida la namna hii halina haja ya kuzitetea. Hata hivyo kila usanifishaji huzaa kizimba chake. Vioja Mahakamani ndio mchezo pekee niujuao ulioweka kizimba hicho mbele ya macho ya watu wote, ukamwacha aliyemo ndani ajitetee kwa maneno mengi apendavyo.

Mfano wa kulinganisha ni Mind Your Language, mchezo wa Waingereza wa mwaka 1977 hadi 1979 ambao watazamaji wengi wa Afrika Mashariki waujua vizuri. Huko pia mahali ni pamoja, darasa la watu wazima wageni wanaojifunza Kiingereza London, na huko pia mzaha ni wa matamshi. Lakini darasa halina utetezi. Mwanafunzi hukosea, mwalimu husahihisha, kengele hulia, na kesho mwanafunzi atakosea kosa lile lile, maana akijifunza mchezo umekwisha. Mahali pa namna hiyo humfunga mtu katika asili yake. Mahakama humpa nafasi ya kujibu. Kwa macho ya juu juu michezo hii miwili ni ndugu, lakini mahali pameifanya iwe na maadili mbali mbali.

Vitimbi, mchezo mwingine wa KBC, ulikuwa na nyumba, nayo ilikuwa ya Mzee Ojwang na Mama Kayai. Benson Wanjau, aliyemcheza Ojwang hadi uzeeni, akafariki tarehe 12 Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyemwiga Mjaluo kwa ustadi ambao watu wengi hawakuujua mpaka alipokufa. Jambo hilo lastahili kuchunguzwa na wanaisimu kuliko lilivyochunguzwa. Lahaja ya jukwaani si ile ya mtu aliyezaliwa nayo. Ni lahaja iliyochaguliwa, yenye alama chache zilizotiwa chumvi, na nyumba ya Ojwang iliijenga lahaja hiyo kwa miaka mingi hata watoto wa Nairobi wasiopata kuliona ziwa wakaweza kuizungumza. Nyumba yenyewe haikuwa na kitu cha kutazamwa. Nguvu yake ilikuwa kwamba mke ndiye mwenye akili na mume ndiye mwenye kelele, na mambo yote ya nje yaliletwa ndani na Ojwang ili Mama Kayai ayapime.

Papa Shirandula, ulioanza katika Citizen mwaka 2007 na kusimama baada ya kifo cha Charles Bukeko tarehe 18 Julai 2020, ulifanya jambo jipya kwa kulichukua lango. Shirandula ni soja, kama Wakenya wamwitavyo mlinzi, naye amemficha mkewe Wilbroda kazi yake, akimwaminisha kwamba ni mtu wa ofisini. Kwa hiyo mchezo una mahali pawili pasipotakiwa kukutana. Nyumbani yeye ni bwana mwenye heshima ya ofisi asiyo nayo, na langoni yeye ni mtu wa kufungulia magari ya wengine. Hofu ya kila juma ni kwamba Wilbroda atapita njia hiyo. Wengi waliupenda mchezo huu kwa ajili ya mwili na sauti ya Bukeko, na haki yao. Lakini uhodari wa mtunzi ulikuwa katika kutambua kwamba lango ni mahali pa watu wengi wa miji yetu, watu wanaoishi kwa miaka kati ya ndani na nje ya nyumba isiyo yao. Kabla yake bawabu alikuwa mtu wa kufungua mlango ili mchezo upite. Hapa mchezo ulisimama langoni, tajiri ndiye akapita.

Auntie Boss wa NTV, ulioanza mwaka 2014, ulifanya vivyo hivyo kwa jiko. Watumishi wa nyumbani wa mtaa wa watu wenye uwezo ndio wenye mchezo, na waajiri wao ndio wageni. Nyce Wanjeri, aliyecheza Shiru, alipata tuzo ya Afrika kwa kazi hiyo mwaka 2018. Sina la kuongeza hapo isipokuwa kwamba jikoni ndiko Kiswahili chake kilichokolea, na sebuleni ndiko kilikopooza, jambo ambalo huenda watunzi wenyewe hawakulikusudia.

Bara hatukupata studio, tukapata nyumba za kuazima. Mtu aliyetazama michezo ya kuigiza ya ITV ya miaka ya mwanzo, ile iliyotoka katika vikundi vya maigizo kama Kaole, aikumbuka sebule hiyo: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo lenye vioo, pazia jekundu au la buluu, ua la plastiki juu ya meza. Kamera ni moja, mwanga ni wa dirishani, na jogoo wa jirani huingia katika mazungumzo bila kualikwa. Wapo waliouita udhaifu. Kwangu mimi jogoo huyo ndiye shahidi pekee kwamba nyumba hiyo iko mahali fulani duniani. Cha kusikitisha si uduni wa vyombo, bali ni kwamba makochi yale yalitangulizwa kuliko mtu. Wageni huingia, hukaribishwa, huketi, na kabla ya neno la maana kusemwa tumekwisha kuyaona makochi yote matano.

Wachekeshaji wa baadaye waliikimbia sebule, kila mmoja kwa njia yake. Ze Comedy, lililopata umaarufu katika EATV katikati ya miaka ya 2000 kabla ya kuhamia TBC kwa jina la Ze Orijino Komedi, liliiteka meza ya mtangazaji wa habari, na Masanja Mkandamizaji akatufundisha kwamba meza hiyo nayo ni kijiwe, ila kimevaa tai. Mizengwe wa ITV walitoka nje, njiani na uani, na mmoja wa wachezaji wao akajiita Mkwere, jina la kabila la jirani na Bagamoyo, hata mzaha ukawa na anwani. Futuhi wa Star TV, kituo cha Mwanza, walituonyesha kwamba Kanda ya Ziwa yaweza kuchekesha kwa Kiswahili chake yenyewe bila kwanza kupanda basi la Dar es Salaam. Marehemu Amri Athumani wa Tanga, ajulikanaye kama King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa mtu wa santuri za picha zaidi kuliko wa televisheni, lakini hakuna aliyekitumia kibaraza vizuri kuliko yeye. Alijua kwamba mzee akiketi nje ya mlango wake, dunia yote lazima ipite mbele yake na imsalimie.

Na mtu wa Mara yuko wapi? Yuko langoni. Katika michezo ya Bara niliyoitazama, Mkurya au mtu yeyote atamkaye kama Mkurya ni mlinzi, askari, au jirani mwepesi wa hasira. Huingia akiwa na rungu, husema "mura", watu hucheka, hutoka. Tofauti na Shirandula, mchezo hausimami naye. Hatujui analala wapi. Neno mura lenyewe limenyang'anywa kazi yake. Kikwao ni neno la rika, la kijana wa kiume aliyekwisha kutahiriwa, na ndani yake mna heshima na wajibu. Katika televisheni limekuwa kengele ya kabila, laweza kuambiwa mtu yeyote wa umri wowote, hata mzee, na aliyelizaliwa nalo husikia kosa mahali ambapo wengine husikia mzaha.

Matamshi nayo yametumiwa kwa uvivu. Lugha nyingi za Kibantu za Mara, Kikurya, Kiikizu, Kizanaki na nyinginezo, hazitenganishi l na r kama Kiswahili sanifu kifanyavyo, na mtunzi akitaka kumtambulisha mtu wa huko humwekea r kila mahali, akadhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Chukua neno moja tu. Mtu asemaye "nakwenda kura" amesema kwamba anakwenda kula, na papo hapo amesema kwamba anakwenda kupiga kura. Ukimweka jikoni, hakuna mzaha, kila mtu ameelewa. Ukimweka kituoni siku ya uchaguzi akiwa na sahani mkononi, una mchezo mzima, na tena una tamko la siasa ambalo hakuna mchunguzi wa serikali awezaye kulikamata, kwa sababu mtu alikuwa na njaa tu. Mzaha haukuwa katika ulimi wa Mkurya. Ulikuwa katika kumpeleka mahali panapostahili. Watunzi wa Vioja Mahakamani waliijua siri hiyo. Watunzi wetu wameichukua r wakaiacha mahakama.

Neno nililoahidi kulirudia ni mji. Katika Kiswahili cha pwani na cha vitabuni mji ni Mombasa, ni Bagamoyo, ni mahali pa watu wengi. Katika lugha nyingi za bara, na katika Kiswahili kisemwacho Mara, mji ni makao ya mtu mmoja, wakeze, watoto wake na mifugo yake, na mwenye mji ni mkuu wa makao hayo. Nyumba ya kila mke ina mlango wake na moto wake. Zizi liko mahali pa kuonekana. Mwanaume hana sebule. Ana kivuli cha mti, au moto wa jioni, na mgeni huketishwa hapo kwa kufuata umri na ujamaa wake. Mtazamaji wa Mugeta, akiwa ndani ya kibanda umiza au mbele ya televisheni ya dukani, akionyeshwa tajiri wa mchezo katika sebule yenye makochi matano, huuliza swali ambalo si la ujinga hata kidogo: ng'ombe wake wako wapi? Kwa kipimo chake tajiri huyo bado hajaonyeshwa kuwa na kitu.

Fikiri mtunzi angepata nini katika mji wa namna hiyo. Studio ya kamera tatu yataka milango miwili ya kuingilia na kutokea. Mji una minne au mitano, na kila mlango una mwenyewe mwenye siri zake. Mume akitaka kumficha mke wa pili jambo alilomwambia wa kwanza, hana haja ya mabawabu wala simu, yambidi avuke uwanja, na uwanja waonekana kutoka kila mlango. Mkwe haruhusiwi kupita mahali fulani mbele ya mkwewe, na mtu anayelazimika kuzunguka nyuma ya zizi ili asikutane na mama mkwe ni kichekesho tayari kabla hajafungua kinywa. Lugha nayo ingejipanga yenyewe: Kiikizu kwa moto wa nyanya, Kiswahili cha shule kwa watoto watokao darasani, Kiswahili cha ofisini kwa mtendaji wa kata aliyekuja kuulizia mchango, na Kijaluo au Kisukuma kwa mnunuzi wa ng'ombe aliyesimama zizini akihesabu kwa midomo. Mtendaji angekuwa ndiye mgeni, ndiye asiyejua aketi wapi, na matamshi yake safi yasingemwokoa.

Hayo hayajachezwa, lakini yanasemwa. Katika vibanda vya kuonyeshea picha, watazamaji hawakai kimya kama watakiwavyo. Mlinzi wa mchezo akitokea langoni na rungu lake, mtu humwita kwa Kiikizu kutoka gizani, humpa jina la baba, humpa ukoo, humwambia arudi nyumbani kwani mvua zimekwisha kunyesha na palizi haimngoji mtu. Wengine hudakia, humjibia mlinzi huyo, humtafutia udhuru, humwongezea wake wawili. Tajiri na makochi yake huendelea kusema bila kusikilizwa na mtu. Mtafiti wa fasihi simulizi mwenye chombo cha kunasia sauti angefanya vema kukigeuza kiwaelekee watazamaji, aiache skrini.